Nyundo za Sufu Zimewasili Maktabani

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Almvik ina furaha kubwa, furaha iliyopitishwa na kikao halali, kuwatangazia wasomaji wake wote kuwasili kwa rasilimali mpya: nyundo tatu za sufu. Zinaazimwa kwa kadi ya maktaba, saa nne kwa mkupuo, na mwazimaji atazirudisha zikiwa zimepigwa brashi. Pamoja nazo tumepokea kipimo cha kelele chenye taa ya kijani na taa nyekundu, meza sita zinazopanda na kushuka zenyewe, na mmea mmoja wa plastiki ambao, kwa mujibu wa barua ya mtengenezaji, hunyonya sauti.

Tangazo hilo niliandika mimi. Mimi ni Ofisa Habari Msaidizi wa maktaba, cheo ambacho chini yake hakuna mtu isipokuwa mmea nilioutaja. Ninayosimulia hapa niliyaona kwa macho yangu, nikiwa zamu, tena nikiwa nimevaa kitambulisho.

Sasa, nyundo za nini maktabani? Huku kwetu Uswidi mtu hatetei tasnifu yake ya udaktari mpaka nakala moja iwe imepigiliwa msumari hadharani, wiki tatu kamili kabla ya siku ya utetezi. Kubandika hakutoshi. Unatoboa kona ya kitabu ulichokiandika kwa miaka mitano, unakiweka kwenye ubao, unagonga, jamaa zako wanapiga makofi, mnakula keki. Ubao wetu ni wa mwaloni, uko mlangoni kabisa, na umejaa matundu kuliko jibini. Kila tundu lina daktari wake mahali fulani duniani.

Mambo yalikwenda hivyo tangu zama za mababu, na hakuna aliyejua kwamba ni tatizo. Aliyeligundua tatizo ni Mkurugenzi wetu, Ragnvald Sköldmark, mtu mrefu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutazamia watu. Mwezi Januari alikwenda kwenye kongamano la ukimya, akarudi, akapiga kelele kuhusu ukimya kwa wiki mbili mfululizo. Matunda yake ni Waraka Namba 14 kuhusu Mpango wa Ukimya Endelevu. Kifungu cha kwanza: ni marufuku kutumia nyundo ya chuma ndani ya jengo, kuanzia sasa hivi. Kifungu cha pili: atakayeitumia, awe nani, atapoteza haki ya kukanyaga maktaba. Vifungu vilivyobaki, kumi na tisa, vilieleza maana ya neno nyundo.

Kikao cha kuupitisha kilifanyika wakati wa kahawa ya alasiri, kama vikao vyetu vyote. Tulikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyeukubali waraka ule, lakini pia hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuukataa, maana huku kwetu mtu wa kwanza kukataa ndiye hupewa kazi ya kuandika muhtasari. Ragnvald akauliza, “Kuna asiyeridhika?” Kila mmoja akalitazama andazi lake la mdalasini kana kwamba lina maandishi. Ragnvald akaandika: umepitishwa kwa ukimya kamili. Akaongeza kwamba hiyo ni dalili Mpango umeshaanza kufanya kazi.

Mteja wa kwanza wa nyundo za sufu alikuwa Ylva Hedenskog, daktari wa mifugo, aliyekuja Jumatano ya tarehe 22 Aprili na tasnifu yake chini ya kwapa. Inahusu kikohozi cha kondoo wa kisiwa cha Gotland. Alipaswa kuitetea tarehe 15 Mei, kwa hiyo ilibidi iwe ubaoni kabla ya saa tisa alasiri ya Ijumaa ya wiki hiyohiyo, tarehe 24 Aprili, saa ambayo muhuri wa maktaba, unaothibitisha siku ya kupigiliwa, hufungiwa kabatini. Bila muhuri hakuna utetezi. Utetezi ukikosekana Mei, ni mpaka Septemba, kwa sababu majira ya joto chuo kizima kiko ziwani kinaogelea. Na kituo cha mifugo cha Gotland kilikuwa kimemwandikia waziwazi: ukiwa daktari kabla ya Juni, kazi ni yako, usipokuwa, tunamwita aliyekufuatia kwenye orodha.

“Nimekuja kupigilia,” akasema.

Nikamwelekeza kwenye mashine ya namba. Hakukuwa na mtu mwingine, lakini foleni ni foleni. Akachukua namba themanini na saba, nikaiita themanini na saba, akaja.

Nikamweleza kwamba nyundo ya sufu hapewi mtu asiye na cheti cha kozi ya Utangulizi wa Nyundo Laini, ambayo ina vipindi viwili, cha kwanza kikiwa cha nadharia.

“Nadharia ya kugonga msumari?”

“Na historia yake.”

“Wewe bwana, mimi nimewahi kuingiza mkono wote ndani ya ng'ombe. Msumari haunitishi.”

Nikamwambia ng'ombe hayumo kwenye waraka.

Alhamisi akasoma kozi, akapata cheti. Ijumaa asubuhi nikamkabidhi nyundo namba mbili, iliyo bora kuliko zote, akasimama mbele ya ubao na kuanza. Pu. Pu. Pu. Nilihesabu mapigo mia moja na arobaini. Msumari haukuingia hata unene wa karatasi, ila sufu ilianza kunyonyoka na kumwangukia kwenye viatu. Taa ilikuwa ya kijani muda wote. Ragnvald alipita akiwa na miwani ya kutazamia watu, akasimama, akafumba macho kwa raha.

“Unasikia?” akamuuliza.

“Sisikii kitu.”

“Basi ndiyo hiyo.” Akaenda zake.

Ylva akaomba kutumia gundi. Nikapiga simu kitivoni kwao, wakasema gundi si msumari. Akaomba kuupeleka ubao nje, augongee kwenye theluji iliyobaki. Ubao umejengewa ukutani. Akaomba ruhusa maalumu ya nyundo ya chuma, nikampa fomu, akaijaza kwa hasira lakini kwa mwandiko mzuri, nikampa habari njema kwamba Kamati ya Kugonga itaikalia Jumanne. Leo ni Ijumaa, akasema. Nikamwambia ndiyo maana Jumanne iko karibu.

Saa nane na nusu ikafika, saa ya kahawa. Naomba ieleweke: huku kwetu nyumba ikiungua saa nane na nusu, tunaizima saa tisa. Wafanyakazi wote wakainuka. Ylva alikuwa amekaa sakafuni chini ya ubao, kitabu mapajani, anatoa sufu kwenye nywele.

Hapo ndipo jambo lisilo la kawaida lilipotokea. Börje Tallroth, mtunza jengo wetu, mtu wa miaka sitini na minne ambaye kwa miaka thelathini na moja amekunywa kahawa kwenye kiti kimoja, alichukua kikombe chake, akachukua maandazi mawili, akatoka chumba cha kahawa. Tulidhani anaumwa. Tukamfuata na vikombe vyetu, Ragnvald nyuma yetu, tukamkuta amekaa sakafuni pembeni ya Ylva.

“Kula,” akamwambia. “Hao kondoo wanakohoa kwa nini?”

“Vumbi la nyasi kavu. Nimetumia miaka mitano na kurasa mia mbili kusema hivyo.”

Börje akatafuna kwanza. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, kama huo Waraka Namba 14 wenyewe ulipigiliwa lini.

Börje akaeleza taratibu, kati ya andazi na andazi, kwamba kanuni ya ubao haizungumzii tasnifu peke yake. Amri ya maktaba, uteuzi wa maktaba, chochote cha maktaba hakina nguvu mpaka kimepigiliwa pale na kukaa wiki tatu. Kanuni hiyo imeandikwa kwenye kibao cha shaba juu ya ubao. Tuliinua macho. Kweli, ilikuwepo. Wengine wetu tumepita chini yake kwa miaka ishirini.

“Makaratasi yenu yote nimeyapigilia mimi, kila Ijumaa,” akasema Börje. “Mlidhani yanajipigilia? Halafu mkaniambia nyundo marufuku. Mimi mtu wa kutii. Nikaacha.”

Ylva ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. “Kwa hiyo marufuku haijapigiliwa.”

“Itapigiliwaje, na nyundo ni marufuku?”

Börje akafungua mkoba wake wa vifaa na kutoa nyundo ya chuma, mpini umeng'aa kwa jasho la miaka, akampa Ylva. Ragnvald akapenya katikati yetu. Alizungumza kwa dakika nzima, na ninainukuu sehemu ile tu iliyokuja kuwa na umuhimu.

“Waraka una nguvu tangu nilipoutia saini. Kibao ni pambo. Yeyote atakayeinua nyundo ya chuma humu ndani, hata nikiwa mimi mwenyewe, hafai kukanyaga maktaba hii tena. Nataka wote mnisikie.”

Tulimsikia vizuri sana. Taa ilikuwa nyekundu.

Ylva alisimama, akaweka kitabu chake ubaoni, akagonga mara nne. Sauti ilikwenda mpaka ghorofa ya tatu. Huko juu mzee mmoja aliyelala juu ya gazeti aliamka, akauliza daktari mpya ni nani. Mmea wa plastiki haukunyonya kitu.

Ylva akanigeukia. Muhuri ulikuwa mfukoni mwangu, na wote wakanitazama, Ragnvald akiwa wa kwanza. Mkataba wangu huhuishwa kila mwezi wa sita na anayeuhuisha alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nikafikiria vifungu vyote ishirini na kimoja. Havikutaja muhuri popote. Nikagonga muhuri: saa nane na dakika arobaini na moja. Tarehe imekaa upande, lakini inasomeka.

“Tutaonana kwenye Kamati,” Ragnvald akamwambia Ylva. “Na wewe pia,” akaniambia.

“Kabla ya hapo,” akasema Börje, akiwa bado sakafuni, “kuna makaratasi haya.” Akatoa mkobani bahasha ya karatasi ambazo hakuzipigilia tangu Februari. Akazisoma moja moja, bila haraka. Waraka Namba 14. Ratiba mpya ya kumwagilia maua. Halafu uteuzi wa Ragnvald Sköldmark kuendelea kuwa Mkurugenzi wa Maktaba kwa miaka sita mingine, kuanzia tarehe 15 Mei.

“Tarehe 15,” akasema Ylva, “ni wiki tatu kutoka leo.”

“Usipopigiliwa leo umekufa, na yupo aliyeshika nafasi ya pili,” akasema Börje. “Sikumbuki jina. Mama mmoja wa mji wa Umeå.” Akamnyooshea Ragnvald nyundo ya chuma, mpini mbele. “Nne tu, Ragnvald. Hata tatu.”

Ragnvald aliitazama nyundo. Akatutazama sisi wafanyakazi kumi, vikombe mkononi, ambao dakika tatu tu zilizopita alitaka wote tumsikie. Akavua miwani moja na kuvaa nyingine. Kisha akakohoa, kikohozi kikavu ambacho Ylva alikisikiliza kwa umakini wa kitaalamu, akanijia mimi kuomba nyundo ya sufu.

Nikamwelekeza kwenye mashine ya namba.

Akachukua themanini na nane. Nikaiita themanini na nane. Nikamuuliza cheti cha kozi. Hakuwa nacho, lakini kwa kuwa yeye ndiye mtunzi wa kozi nilimruhusu kwa muda, nikaandika hivyo kwenye daftari. Nikampa namba mbili, ileile iliyonyonyoka.

Pu. Pu. Pu.

Hatukuondoka. Tulimalizia kahawa tukiwa tumesimama, Ylva akala andazi la pili, Börje akamshikia Mkurugenzi karatasi isianguke, kwa ukarimu tu. Saa tisa kasoro dakika moja Ragnvald alishusha mkono. Sufu ilikuwa imemjaa kwenye nyusi. Aliniomba muhuri ukae nje dakika kumi zaidi, nikamjibu kwamba jambo zito kama hilo linahitaji kikao. Akatugeukia wote.

“Dakika kumi tu. Kuna anayeniunga mkono?”

Kila mmoja akalitazama andazi lake.

Saa tisa nikafunga kabati, na muhtasari nikaandika mimi: ombi limekataliwa kwa ukimya kamili. Jumatatu Börje alipigilia tangazo la mama wa Umeå. Kuhusu Mpango wa Ukimya Endelevu, maktaba ina furaha kutoa tathmini yake ya mwisho: katika muda wote ambao Mkurugenzi alikuwa akigonga, hakuna msomaji hata mmoja aliyelalamika, na taa ilibaki ya kijani.