Wakili na Bima ya Mama Mwenye Nyumba

Nyumba ya mtaa wa nyuma ilipoungua, watu walishika vichwa, Wakili akashika mkoba. Jina hilo alilipata kwa sababu ya ulimi wake, maana mahakamani aliwahi kuingia kama mshtakiwa tu. Aliwaona majirani wakiyakodolea macho majivu, akajua hofu ile ina pesa ndani yake.

Kesho yake alikuwa uani kwa Mama Mwenye Nyumba, tai shingoni, akiwauzia wapangaji bima ya kampuni ambayo ofisi yake yote ilikuwa ule mkoba.

"Na nikiunguliwa kweli?" aliuliza mshonaji wa chumba cha mbele.

"Dada yangu, utalipwa kabla moshi haujaisha!"

Wote wakatoa ada ya mwezi wa kwanza. Wakili angeyeyuka jioni ile ile, ila Mama Mwenye Nyumba alimvuta pembeni.

"Mwanangu, mimi nina nyumba tatu. Mwisho wa mwezi nitazikatia bima zote kwako. Kaa hapa chumba cha uani, bure, wateja wakuzoee."

Nyumba tatu! Tamaa ikamkalisha kitako.

Mvua ya kwanza ilipita kwenye bati bovu ikaharibu gauni la mteja wa mshonaji. Wakili akalipa huku anatabasamu, roho inamuuma. Angekataa, Mama angeghairi. Mara waya uliochubuka ukaunguza redio ya kinyozi. Akalipa tena. Ndipo akang'amua kwamba kukarabati ni nafuu kuliko kufidia. Akamwita fundi wa paa, akamwita fundi umeme, akanunua na mtungi wa kuzimia moto. Jioni akawa anapita jikoni akinusanusa.

"Shemeji, hilo jiko umelizima kweli?"

Wapangaji walisema hawajapata kuona kampuni yenye huruma namna ile. Kusema kweli, hata sisi hatujapata kuiona.

Mwisho wa mwezi, mkoba umekonda, Mama alikuja na mwanamke mwenye kofia ngumu. Mgeni akapanda darini, akakagua nyaya, akagonga bati.

"Huyu nani, Mama?"

"Mkaguzi wa bima."

"Bima gani tena?"

"Ya kweli, mwanangu. Kampuni ilinikatalia kwa sababu ya paa na umeme. Wapangaji nikiwaomba tuchange, kila mmoja ana shida zake. Wewe umewachangisha asubuhi moja!"

"Kumbe ulijua?"

"Uliikubali nyumba hii bila hata kuinua macho ukaona paa. Kampuni gani yenye akili timamu ingefanya hivyo?"

"Na zile nyumba nyingine mbili?"

"Ninayo hii tu."

Alitamani kupiga kelele za mwizi, akakumbuka polisi wangeanza na nani.

"Nyumba imepita," mkaguzi alisema akishuka ngazi. "Na vitu vya ndani, wapangaji wavikatie bima yao. Wengi husahau."

Wakili alikuwa ameshafika mlangoni mshonaji alipomkimbilia, noti mkononi.

"Kaka wa bima! Ada ya mwezi huu hii hapa!"

Wakili aliitazama ile pesa. Akageuka, akakuta Mama anamtazama yeye.

"Mpe yule mwenye kofia," alisema, na nusura alie. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumwelekeza mteja mahali sahihi.