Utelezi wa Pipa la Baba

Jumatatu, 8 Julai
Bibi afya kaja karakanani. Bu Retnaning. Kapitisha pamba ndani ya pipa la mbao la marehemu baba, ninamowekea maji machachu ya jana ya kugandishia maziwa ya soya yawe tofu ya leo. Pamba ikatoka na utelezi. Akasema vijidudu vimejijengea nyumba humo. Nyumba! Nikamjibu kwamba huo ndio utamu wenyewe, na umri wake unazidi wangu. Akasema majibu ya pamba atayaleta wiki ijayo, mpaka hapo nisugue kwa burashi au nitupe pipa.

Kulitupa pipa la baba? Bora nitupwe mimi.

Jumanne, 9 Julai
Nina mbinu. Klorini, bila burashi. Nimemwaga chupa nzima, pipa likang'aa. Jirani yangu Jumadi, ambaye naye hutengeneza tofu na husugua mapipa yake kila siku utadhani kalaaniwa, akachungulia ukutani. "Mas Tukijan, unapika au unafua?" Wivu tu!

Jumatano, 10 Julai
Utelezi umerudi. Mahali palepale, umbo lilelile, hata ule mkunjo kama sikio. Nikaufuta kwa kitambaa. Baadaye kitambaa nacho kikawa kinateleza.

Bu Retnaning alinionya kwamba dawa huua vijidudu vya juu tu, vya chini vimejifunika gundi yao na vinangoja. Vinangoja nini?

Mke wangu Wagiyem kala tofu baridi niliyoinyunyizia maji ya pipa. Kasema ina ladha ya baba mkwe kabisa. Nikafurahi sana.

Ijumaa, 12 Julai
Wagiyem yuko hospitali. Homa, kuharisha, macho yameingia ndani. Nilimwambia nesi ni pilipili. Hakucheka.

Alasiri nilikaa karakanani peke yangu. Pipa linatoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate. Naogopa. Nikimpoteza Wagiyem, sina mtu.

Jumanne, 16 Julai
Majibu! Vijidudu vya kwenye pamba ndivyo hivyohivyo vilivyokutwa kwa Wagiyem. Pipa limechomwa uani. Jumadi alinisaidia kulipasua wala hakunicheka, kisha akanipa ndoo ya maji machachu ya kwake, safi. Nililia mbele yake. Nikamwapia Bu Retnaning kwamba nitasugua kila siku.

Alhamisi, 18 Julai
Wagiyem anarudi kesho! Kakonda, lakini mzima. Daktari kasema tumbo lake bado dhaifu, apewe chakula safi tu.

Pipa jipya la plastiki lipo tayari. Maji ya Jumadi si mabaya, ila hayana ladha ya baba. Bahati nzuri, kabla ya moto nilikwangua utelezi kidogo, nikauficha kwenye chupa nyuma ya picha yake. Leo nimeitoa. Umekua. Umejibandika kwenye kioo cha chupa, na lile sikio lipo, limegeukia upande wangu.

Nimetia kijiko kimoja tu kwenye pipa jipya. Kipande cha kwanza cha tofu nimemwekea Wagiyem.