Gurudumu la Kona Nane

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, waheshimiwa wajumbe mliofika na mliowakilishwa na viti vyenu, wazee wetu, shikamooni (Wazee: "Marahaba"), mama yetu Madhuben wa duka la vitenge aliyetoa maji ya kunywa, wabeba mizigo wote wa Kariakoo, na itifaki nyingine ambayo nikiimaliza jua litatuchwea: mimi ni Theophil, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Mkokoteni wa Kisasa, mtu ambaye bila mimi msingekuwa na mratibu. (Makofi, mstari wa mbele.)

Mtakumbuka tulichukua magurudumu mawili ya mkokoteni wa Mzee Twaha, huyu hapa, kama sampuli, tukamwahidi mkokoteni mpya ndani ya wiki mbili, na tangu siku hiyo, kwa uzalendo wa hali ya juu, mzee wetu anabeba viroba mgongoni. (Mzee Twaha: "Miezi kumi na moja! Mgongo umekwisha!") Ahsante mzee, hayo ndiyo tunayaita maoni ya mdau.

Wapo wanaosema tumekaa tu. Uongo mtupu! Tumechora. Tazameni skrini. Programu ya kuchorea, waheshimiwa, ina akili kuliko baadhi yetu hapa, simtaji mtu: ukiitaka duara, inaandika tu kitovu kiko wapi na nusu kipenyo ni kiasi gani, basi, halafu ikitaka kukuonyesha inaunga vimstari vilivyonyooka, vifupi, vingi, mpaka jicho lako lenyewe linakubali kudanganywa, na hata lile tairi mnaloliona limejipinda vizuri limefunikwa pembetatu bapa tupu! (Sauti: "Kama ahadi zenu!")

Sasa kompyuta ya ofisi ni ya siku nyingi, ikawa inaganda, nikaelekeza vimstari vipunguzwe kutoka mia na ishirini hadi vinane, mzigo wa kompyuta ukashuka kwa asilimia tisini na tatu nukta tatu, nikamtumia faili fundi Ridhiwani wa mtaa wa Gerezani, naye akachomelea kama alivyoona. (Gurudumu la kona nane linanyanyuliwa. Vicheko. Ridhiwani: "Nilikupigia, bosi! Ukasema fuata mchoro!") Mnacheka nini? Gurudumu hili haliserereki mteremkoni, haliibiki, na ukiegesha huhitaji kuweka jiwe!

Kwa hayo machache, nikisema kona nane, mnajibu zinatosha. Kona nane! (Watu wanatazamana.) Kona nane! (Dereva wa Mratibu: "Zinatosha!") Nawashukuru sana. Ile mikokoteni mia tatu tuliyowaahidi wabeba mizigo ipo salama ndani ya kompyuta, na itabaki humo humo, maana nje yake hatujaunda hata mmoja. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mzee Twaha, ambaye magurudumu yake, kwa jinsi yanavyozunguka vizuri, ndiyo tuliyofunga chini ya jukwaa hili ninalozunguka nalo mtaa kwa mtaa kuhutubia.

(Mzee Twaha anainama, anachungulia chini ya jukwaa. "Lahaula! Ndiyo yenyewe! Ule mpira niliufunga mimi kwa mkono wangu! Vijana, shikeni huku!")

Mzee wangu, shikamoo tena, subiri kwanza nishuke...

(Jukwaa linaanza kutembea. Wabeba mizigo: "Pisha! Pisha!")

Mwenyekiti! Hotuba haijaisha! Jamani, tunaenda wapi?

(Mzee Twaha: "Kazini.")