Sauti ya Kukodi kwa Naisula

Jumatatu, 5 Mei 2025. Kitengela.
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Akauliza kama nina mtu wa karibu. Nikamtaja Naisula, mjane wa Isinya anayefuga kuku. Naisula mwenyewe hajui kwamba ni mtu wangu wa karibu. Nataka kulirekebisha hilo kabla sijafa.

Njia imepatikana. Seleyian, binti anayetengeneza filamu ya mapenzi yenye nyimbo hapa mtaani Noonkopir, amemchagua Naisula awe mchumba. Mchumba wa kiume hajapatikana. Nimejitolea.

Jumatano, 7 Mei.
Majaribio. Nikiimba mstari mmoja nakohoa miwili. Seleyian akaniambia, kwa heshima zote Mwalimu, hata mbuzi wameacha kula. Aibu tupu.

Lakini wimbo hurekodiwa mapema. Mbele ya kamera ni kufungua mdomo tu. Nimemwomba Saruni, muuza ng'ombe mwenye sauti ya kuvuka mto, aniimbie kwa siri. Amekubali upesi mno.

Ijumaa, 9 Mei.
Wimbo ni wa Kimaasai. Mimi Mkamba, nimefundisha Kajiado maisha yangu yote na Kimaasai changu hakijapita salamu. Nakariri midomo bila maana. Nilipomuuliza Saruni, akasema ni mapenzi tu, Mwalimu, usijisumbue.

Jumamosi, 10 Mei.
Heri ningekufa jana.

Kamera ilipowashwa, spika ikalia, nikafungua mdomo. Naisula akatabasamu, akaona haya, kisha akamtazama Saruni nyuma ya kamera. Kina mama walioletwa kuimba kiitikio wakacheka hadi shanga zikalia. Mmoja akanihurumia, akaeleza: Mmaasai akiongoza wimbo hujisifu kwa ng'ombe wake na ukoo wake. Kumbe nilikuwa nikimtangazia Naisula kwamba mimi ni Saruni, dume langu la madoa linajulikana hadi Rombo, na boma langu linamngoja yeye.

Naisula akaitikia kila ubeti. Majibu yalinipita begani yakaenda kwa mwenyewe.

Baadaye akaniletea trei ya mayai. Akasema Saruni amekuwa akiona haya miaka yote, na mimi nimemsemea kama mzazi. Akaniita baba.

Alhamisi, 15 Mei.
Sijaondoka kitandani. Saruni na Naisula wanaoana, na wanataka niwe mzee wa kuwabariki. Nimeungama uongo wangu kwa Mungu. Nimemwambia niko tayari, anichukue.

Jioni Seleyian amekuja kunijulia hali. Filamu ya pili ni ya dansi. Mchumba atakuwa Mbeke, mjane anayekaanga maandazi karibu na soko. Inasemekana kwake mwanamume ni miguu. Yangu hainifikishi mlangoni. Nikauliza, kama mtu asiye na haja, iwapo kamera inaweza kuonyesha miguu peke yake. Seleyian akasema inaweza.

Nimemwita Kyule, anayecheza vizuri kuliko wote mtaani. Naye amefiwa na mke, masikini, na amekubali upesi. Safari hii hakuna hatari. Miguu haitaji jina la mwenyewe.