Kipimo cha Pilipili

Jumamosi, 8 Novemba 2025
Zuleikha ameondoka. Yuko kwao Likoni, kwa mama yake. Sababu? Kompyuta! Nililitoa kabati lake la kioo chumbani nikaliweka uani ili kompyuta ya saiba yangu ya Bombolulu, lile duka la intaneti, sasa marehemu, ipate mahali. Akaniambia nichague, yeye au hilo dude. Nikamwambia asubiri, nafikiria. Wallahi sikuwa na nia mbaya! Nilikuwa nafikiria nyaya zitapita wapi.

Nyumba kimya. Namtaka mke wangu. Nitaandika barua ya kuomba radhi, na haitakuwa na ukali, maana programu yangu ya zamani ya baruapepe ina kipimo. Ukiandika maneno makali inachora pilipili pembeni. Moja, mbili, mpaka tatu. Simu za siku hizi zina nini? Vikaragosi tu.

Jumapili, 9 Novemba
Nimeandika: "Mpenzi, rudi. Tangu uondoke nyumba imetulia, hata masikio yangu yamepona." Pilipili? Hakuna! Mtandao haushiki tena kwenye dude hili, kwa hiyo nimeichapa kwa printa, nikampa shemeji Jumaa, ndugu yake Zuleikha, ampelekee. Akaisoma, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia imepimwa.

Jumanne, 11 Novemba
Jibu limekuja kwa mkono wa Jumaa, kutoka kwa mama mkwe, Bi Mwanatabu. Anasema wamefurahi sana masikio yangu yamepona, na Zuleikha atakaa kwao yasije yakaugua tena. Nikaliingiza kwenye kompyuta. Hakuna pilipili. Bibi wa watu kafurahi! Nikavaa kanzu, nikanunua halua, nikaenda Likoni. Nimepokewa kwa heshima zote, nikakalishwa barazani. Halua ikaingia ndani. Mimi sikuingia. Zuleikha hata sauti yake sikuisikia.

Jumaa akanisindikiza, akaniuliza programu hiyo inajua lugha gani. Nikasema Kiingereza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Eti Mzungu gani atakijua kijembe cha Mombasa? Nimerudi, nikaandika tusi ambalo hapa silirudii. Kimya. Nikaandika "mjinga" kwa Kiingereza. Pilipili tatu! Aibu iliyoje.

Alhamisi, 13 Novemba
Leo nimefungua sanduku la barua la Zuleikha kwenye kompyuta. Programu ile ilikuwa ikizishusha barua na kuziweka humu humu, kila mteja na sanduku lake. Ah, siku zile! Watu waliandika kwanza, barua zikapanga foleni, ndipo nikaunganisha simu. Inalia kruuu, kriii, saiba nzima imeshika pumzi, halafu zinaondoka zote kwa pamoja. Kengele ikilia, kuna barua imeingia. Zuleikha alikuwa akija kusoma za kaka yake wa Maskati. Mimi niko meza ya mlangoni, namwandikia yeye aliye meza ya dirishani. "Bi Zuleikha, kompyuta nimekupangusia. Na kesho njoo, inshallah." Kengele inalia, anasoma, anainama, anacheka ndani ya buibui. Nimelia leo, nasema kweli. Nilikuwa nampenda vile, na bado. Nimezichapa zote, nikampa Jumaa.

Ijumaa, 14 Novemba
Amerudi! Nimetoka msikitini nikamkuta mlangoni, makaratasi yangu mkobani. Akaniuliza yule kijana wa saiba aliyekuwa na adabu ameenda wapi. Nikaupokea mkoba. Kabati limerudi chumbani, kompyuta imehamia stoo, jirani na gunia la makaa. Nimekubali kila kitu. Amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Moyo wangu umetua.

Nikaona si vizuri nisimshukuru mama mkwe. Nikaingia stoo, nikamwandikia kwamba namshukuru kwa kumtunza mke wangu, na kwamba amerudi kapungua, ishara kuwa chakula cha kwao hakimnenepeshi mtu. Lakini safari hii nimetumia akili. Nimeitafsiri yote kwa Kiingereza kwanza, ndipo nikaipima. Hakuna pilipili hata moja. Jumaa ameshaondoka nayo.