Ijumaa Yangu Mmeipeleka Wapi?

Jumatatu, 26 Desemba 2011

Ninyi wakubwa wa serikali huko Apia, hamna haya! Mwaka juzi mlituhamisha upande wa kuendeshea magari barabarani, tukanyamaza. Sasa mnafuta Ijumaa nzima, ati ili siku zetu ziende pamoja na za Australia. Tutalala Alhamisi, tutaamka Jumamosi. Tarehe thelathini haitakuwepo. Hamkuona siku nyingine ya kufuta? Peniamina alinioa tarehe thelathini Desemba, 1961. Miaka hamsini! Kijiji hiki hakijapata mke na mume waliofika hapo. Mchungaji ameahidi kutusimamisha kanisani Jumapili ya mwaka mpya, tuvikwe mashada.

Leo wifi yangu Fuatino kaja kuazima mbuzi ya nazi. "Pole, wifi. Bila Ijumaa unabaki na arobaini na tisa." Yeye na mumewe wanatimiza hamsini tarehe saba Januari. Kacheka mpaka meno ya bandia yakamcheza. Mbuzi sikumpa.

Jumanne, 27 Desemba

Mjukuu wangu Lanuola, mwalimu, kanifundisha kwa shelisheli na taa, ati tunda ndilo dunia, taa ndiyo jua. Nusu mwanga, nusu giza. Siku haina pa kuanzia mpaka watu wakubaliane. Ule mstari wa tarehe haumo baharini, umo kwenye ramani tu! Miaka sabini nadhani Mungu ndiye anayepanga Ijumaa, kumbe ni watu na rula. Kasema mwaka 1892 tulihamishiwa upande wa Waamerika, wazee wetu wakapata Jumatatu ya tarehe nne Julai mara mbili. Basi! Wao wale Jumatatu mbili, mimi nilipe Ijumaa?

Halafu akaropoka la maana. Wenzetu wa Tutuila, walio chini ya Amerika, hawafuti kitu. Ukiruka kwa ndege huku Jumamosi, nusu saa baadaye unashuka kule Ijumaa. Nikaweka kisu chini. Taro niliyokuwa nikimenya, gimbi letu, ikangoja.

Jumatano, 28 Desemba

Nimemwambia Peniamina tunaifuata siku yetu Tutuila. Kakataa. Ati alioa mwanamke, hakuoa tarehe. Ati kile kindege kinatetemeka kama kopo. Ati Jumamosi nibaki nyumbani, ana jambo lake. Jambo gani, mtu anayelala mchana mdomo wazi?

Kisha akanikumbusha bendi ya siku ya harusi. Sikutaka kukumbuka, nikakumbuka. Tumetoka kanisani Apia saa kumi, mvua imeacha sasa hivi, gauni la kuazima limelowa hadi magotini. Mara bendi ya polisi ikakata kona, tarumbeta zinang'aa. Walikuwa wakifanya mazoezi ya sherehe ya uhuru, zimebaki siku mbili. Mimi sikujua. Nikauliza wanampigia nani. Peniamina akasema, wanakupigia wewe. Niliamini mpaka Machi.

Mjinga mimi. Alikuwa na nywele nyingi wakati ule.

Alhamisi, 29 Desemba

Nimepata kiti kimoja cha ndege. Fuatino kasikia, akapaza sauti toka kwake: "Wifi, unakimbilia jana?" Nikamwambia nitarudi na ushahidi. Peniamina kanifungia kuku na taro kwenye jani la mgomba.

Jumamosi, 31 Desemba. Kwangu mimi Ijumaa, 30!

Uwanjani wanapima kila abiria kwenye mizani, kama gunia la mbata. Kijana wa mizani akatangaza uzito wangu kama yuko mnadani! Nikamwambia apime na adabu yake. Lakini nimeshuka Tutuila na gazeti la dukani linasema Ijumaa. Nimeipata!

Ni Ijumaa kama Ijumaa zote. Joto. Mbwa. Saa kumi nikasimama mlangoni mwa kanisa na gauni langu jeupe. Mchungaji wa hapo akauliza bwana harusi yuko wapi. Nikasema yuko kesho. Akanitazama sana. Nikamwomba cheti cha ushahidi. Kaandika: Mama Salafai alikuwa hapa Ijumaa tarehe thelathini, peke yake. Nikamwambia afute hilo la mwisho. Kasema hawezi kuficha ukweli.

Nimekula kuku ngazini. Paja huwa namwachia Peniamina. Nikalifunga tena.

Jumapili, 1 Januari 2012

Nimefika, ibada imekwisha. Lanuola kanisimulia huku anatazama miguu yake. Kumbe mchungaji wetu hakujali Ijumaa wala Jumamosi. Kasema miaka ni miaka, akatuita. Peniamina akasimama peke yake. Fuatino akaona kaka yake anaaibika, akaenda kusimama naye. Akavikwa shada langu! Lote!

Na jana saa kumi Peniamina alivaa koti la harusi, akaleta bendi ya vijana wa kanisa ipite mbele ya nyumba. Hilo ndilo jambo lake. Kiti changu kitupu. Nikamuuliza Peniamina vijana walifanyaje. Walipiga tu. Nikauliza walimpigia nani.

"Wewe," akasema. "Nani mwingine?"

Nikampa paja la kuku. Lilikuwa limeanza kunuka. Kalila lote.

Sasa nimepiga hesabu. Kama Ijumaa haikuwepo, Fuatino naye kapungukiwa siku. Tarehe saba yake ni ya sita. Hatimizi hamsini mpaka tarehe nane, na mchungaji atalisikia hilo kwangu kabla hajanywa chai. Lanuola, kesho asubuhi lete shelisheli na taa, tunakwenda kwa mchungaji. Nawe Peniamina, usilikunje hilo koti. Waite tena wale vijana kesho saa kumi, na waanzie mbele ya nyumba ya Fuatino.