Kila Alasiri Mwizi Mpya

Jumatatu, 6 Juni

Leo Shangazi ametoa hukumu. Jumamosi alasiri atakuja mwenyewe, atakaa ukumbini kama mtazamaji, na akikuta viti vitupu, funguo za sinema zinakwenda kwa Shemeji. Kwa Shemeji! Mtu wa magodoro! Duka lake na ukumbi wangu ni ukuta kwa ukuta, na tangu amwoe Dada hajaacha kupima kuta zangu kwa macho. Anataka stoo. Nilimkumbusha Shangazi kwamba marehemu mumewe alijenga sinema, si kitanda. Akanijibu kwamba hakujenga pango la popo pia.

Ukumbi ndio kazi yangu na ndio nyumba yangu. Nalala chumba cha projekta, kule juu, nyuma ya tundu la kurushia picha. Nikitolewa hapa nitaishia kwa Dada, juu ya godoro la maonyesho. Heri kaburi.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimepekua kabati la marehemu nikakuta filamu ya zamani ambayo hakuwahi kuionyesha. Treni, na wezi wa vito! Lugha yake siijui. Si kitu. Kazi yangu ni kutafsiri, na mtafsiri anayesubiri kuelewa atakufa njaa. Watu wanafungua midomo kwenye skrini, mimi nawatilia maneno kwa maiki. Miaka yote nimefanya hivyo.

Tatizo moja: mkanda wa mwisho haupo. Treni inaingia kwenye handaki, giza, basi. Mwizi hatajwi. Tatizo gani? Hiyo ni neema! Nitamtaja mimi, gizani, na kila alasiri nitataja mwizi mpya. Watu watabishana, watarudi. Shemeji atakiona cha mtema kuni.

Jumanne, 7 Juni

Watazamaji wachache, na mmoja wao alikuja kukimbia jua. Hata hivyo filamu ni tamu. Bibi tajiri ana mkufu wa almasi. Mkufu unapotea. Kila abiria anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Kuna mkaguzi wa tiketi mwenye sharubu, kuna daktari wa miwani, kuna maharusi wasioachana mikono, kuna wapishi na wahudumu wa behewa la chakula. Handaki lilipofika nikavuta pumzi, nikatangaza: mwizi ni mkaguzi wa tiketi! Makofi. Kinyozi wa mtaani aliapa kwamba alimshuku tangu mwanzo kwa zile sharubu.

Kuna kitu kidogo cha ajabu. Kabla picha haijazama gizani, mkaguzi aligeuka akatazama juu, pale tundu langu lilipo, kama mtu aliyesikia akiitwa. Nadhani waigizaji wa zamani ndivyo walivyokuwa.

Shemeji alisimama mlangoni akasema sauti yangu inafaa kuuzia samaki. Wivu tu.

Jumatano, 8 Juni

Mkaguzi hayumo kwenye filamu! Nimeupitisha mkanda mkononi mwanzo hadi mwisho, haujakatwa. Abiria wananyoosha tiketi, tiketi zinatobolewa, wa kuzitoboa haonekani. Mlango wa behewa unafunguka, unajifunga. Nilijikaza, nikawaambia watazamaji kwamba mkaguzi yuko likizo. Walicheka. Mimi sikucheka sana.

Mwizi wa leo nilimtaja daktari wa miwani. Nilipowasha taa, safu ya nyuma kabisa alikuwa amekaa mtu nisiyemkatia tiketi. Koti la sare. Sharubu. Kofia juu ya magoti. Nilishuka kumdai tiketi. Alitoa mfukoni kile kidude cha kutobolea tiketi, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa baridi mpaka vidole vikaniuma. Mwili wake wote ulikuwa unanuka moshi wa makaa, na mbele ya uso wake pumzi haikuonekana wala haikusikika.

Nikamwacha akae. Mteja ni mteja.

Alhamisi, 9 Juni

Daktari naye yuko safu ya nyuma, bega kwa bega na mkaguzi. Kwenye filamu bibi tajiri anazimia, na mkono wake unainuliwa na kupimwa mapigo na hewa tupu. Kinyozi aliondoka katikati, akasema ameacha chungu motoni. Kinyozi anakula kwa mama yake.

Handaki lilipofika sikumtaja mtu, nikajifungia chumbani. Kisha nikatulia, nikafikiri. Ninayemtaja anatoka kwenye filamu. Akitoka, anakaa ukumbini. Anakaa kwenye kiti! Na Shangazi anataka nini? Viti vijae. Je, alisema vijae watu wa aina gani? Hakusema. Mungu hamtupi mja wake.

Wale wawili hawaondoki. Asubuhi nilifagia kuzunguka viatu vyao, na viatu vilikuwa vimelowa ingawa hapa mvua hakuna. Hawatazami skrini. Wamegeuza shingo, wanatazama tundu langu. Nilipomsalimia daktari alifungua mdomo akazungumza kwa muda, polepole, kama mtu anayebembeleza. Ile lugha. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kuijua, halafu hamu ikapita.

Ijumaa, 10 Juni

Rejareja haitoshi. Leo nimeuza kwa jumla.

Handaki lilipofika nikatangaza: mwizi si mmoja! Wote wamekula njama! Maharusi, wapishi, wahudumu, abiria wa madaraja yote, hata bibi tajiri amejiibia mwenyewe! Watazamaji wachache waliokuja walinizomea. Walisema huo si mwisho wa filamu, huo ni uvivu. Waache. Kesho siwahitaji.

Kabla sijamaliza sentensi, kwenye skrini wote walikuwa wameshasimama. Bibi harusi alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, huku akimng'ang'ania mumewe. Nilijisikia vibaya. Kisha nikakumbuka lile godoro la maonyesho, nikapata nafuu.

Dada aliniletea chakula. Akawaona wale wawili wa nyuma, akauliza ni akina nani na kwa nini wana huzuni vile. Nilimwambia ni wateja wa msimu. Akawapelekea maji. Dada ana moyo laini, ndiyo maana aliolewa na muuza magodoro.

Jumamosi, 11 Juni

Ushindi! Na jambo jingine kidogo. Nianze na ushindi.

Ukumbi ulijaa pomoni. Makoti mazito, kofia, masanduku mapajani. Hakuna aliyekohoa. Baridi ilikuwa kali hadi Shangazi akajifunika mtandio kichwani. Alikaa safu ya mbele, akatazama huku na huku, akasema hajaona watu wenye adabu namna hii tangu enzi za marehemu. Shemeji alikaa kando yake, uso umemporomoka. Laiti ningekuwa na kamera.

Kisha filamu ikaanza. Sikuwa nimeifikiria filamu! Treni tupu. Behewa baada ya behewa, viti vitupu, vikombe vinagongana mezani, mapazia yanapepea. Mkufu umelala juu ya kiti, hakuna wa kuuiba. Na treni inakwenda tu. Nilijaribu kutafsiri vikombe. Shemeji akaanza kucheka. Akamwambia Shangazi, kwa sauti iliyofika hadi juu kwangu, kwamba hii si filamu, na kwamba hata godoro lina mchezo kuliko hii. Shangazi akasimama. Mkono ukaingia mkobani, kwenye funguo.

Handaki. Giza. Nilishika maiki nikasema la kwanza lililonijia: mwizi ni Shemeji! Yule wa safu ya mbele, mwenye shati la mistari!

Nilisikia makoti yakisuguana. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama, kwa pamoja. Nilipowasha taa, kiti chake kilikuwa kimejikunja.

Shangazi alidhani ametoroka kwa aibu. Alisema mtu anayecheka ovyo mbele ya watu wazima hawezi kupewa jengo, akanikabidhi funguo. Ziko chini ya mto wangu. Nimezigusa mara kadhaa tangu niliposhika kalamu.

Jumapili, 12 Juni

Dada alifika kabla sijanywa chai. Mumewe hakurudi nyumbani. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwambia wanaume hupotea kidogo, halafu huonekana. Akaniuliza kwa nini namwambia hayo nikiwa nimeutazama ukuta.

Basi nikamwekea filamu. Shemeji yumo. Shati la mistari, viatu vyake vya dukani. Anakimbia behewa hadi behewa, anagonga vioo, anaita. Ameuokota mkufu, na kila mara anauinua juu kama mtu anayeonyesha kwamba hakuuchukua yeye. Midomo yake inakwenda mbio, lakini sauti inayotoka ni ile lugha.

Dada alilia. Akanishika mkono, akaniuliza anasema nini. Sasa mimi nifanyeje? Mimi ni mtafsiri. Nilimwambia: anasema amekununulia mkufu. Anasema safari ni nzuri, usiwe na wasiwasi. Anasema duka la magodoro liangaliwe na mdogo wako, na chakula chake umletee mwenyewe, mchana na jioni.

Dada aliacha kulia. Akauliza kama kweli mumewe amesema yote hayo kwa pumzi moja. Nikamwambia lugha ile ni ya mkato.

Jumanne, 14 Juni

Mambo yamenyooka. Dada halii tena. Jana aliniuliza kwa upole kama kuna njia ya kumtoa mumewe. Nilimwambia hakuna. Ipo, bila shaka: atajwe tena, atoke. Lakini akitoka ataanza tena hadithi za stoo, na mimi sipendi ugomvi wa kifamilia.

Kisha akaniuliza nilisema maneno gani hasa siku ile kwenye handaki, na wale wageni waliingiaje ukumbini. Hapo nilimweleza yote kinagaubaga, neno kwa neno, tangu mkaguzi hadi Shemeji. Ni mara ya kwanza mtu wa familia hii kupendezwa na kazi yangu! Alisikiliza vizuri sana. Hata aliniomba nirudie.

Baada ya hapo alikwenda kukaa safu ya nyuma na wale watu wa makoti. Alimshika mkono bibi harusi. Niliwaona kupitia tundu, wanazungumza kwa vidole. Daktari alikuwa ananinyooshea kidole mimi, mkaguzi ananinyooshea kidole mimi, na Dada anaitikia kwa kichwa. Nadhani walikuwa wananisifu. Nimewapungia mkono. Hawakunipungia.

Mimi nasonga mbele. Kabatini nimekuta filamu nyingine, ya wanajeshi, kikosi kizima na farasi wao. Shangazi akija tena, ukumbi utahitaji viti vya ziada.

Jioni hii Dada ameomba nimfundishe kushika maiki. Ana sauti nzuri, nashangaa sikuigundua mapema. Kesho handaki namwachia yeye, atangaze mwizi anayemtaka. Ameniomba nisikae juu. Anataka nikae safu ya mbele, katikati, mahali atakaponiona vizuri. Nimekubali mara moja. Shati langu jeupe nimeshalipiga pasi.